Sauti zimenyamaza, lakini mdogo wangu hawezi tena kuhesabu chenji

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Nina miaka 29. Tumezaliwa wanne, na huyu ninayekuandikia habari zake ndiye kitinda mimba wetu, ana miaka 23. Baba ana duka la jumla karibu na mpaka: sukari, sabuni, unga, mafuta ya kupikia. Mimi ndiye ninayeshika daftari.

Mdogo wangu alianza kusikia sauti akiwa Senior 6. Alisema kuna watu wanamtaja jina lake kwenye redio usiku kucha, hata redio ikiwa imezimwa. Tulipita kwa waombezi, tukapita kwa mganga, miezi saba ikaenda hivyo hivyo, ndipo tukafika hospitali. Walituambia ni skizofrenia. Tangu wakati huo anachomwa sindano kila mwezi na anameza Artane asubuhi, mchana na jioni. Sauti zilinyamaza. Analala, anakula, anaoga, hana ugomvi na mtu. Tulimshukuru Mungu.

Lakini Shangazi, yeye mwenyewe hajarudi. Zamani huyu mtoto ndiye aliyekuwa kalkuleta ya duka. Mteja akija na pesa ya Kenya, kabla hajaikunjua noti, mdogo wangu ameshamwambia chenji yake kwa pesa ya Uganda. Wiki iliyopita mama mmoja alileta noti ya elfu moja ya Kenya, akataka sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Kiwango kilikuwa 28. Nilikuwa nimekaa nyuma ya magunia, nikawa namtazama. Alisema, "Ishirini na nane elfu." Akaenda kuchukua sukari. Akarudi, akaishika noti, akaniangalia, kisha akamuuliza yule mama, "Umesema unataka nini?" Alimuuliza mara tatu. Mara ya tatu Baba akamnyang'anya noti mkononi mbele ya watu.

Baba anasema, "Dawa anapewa, sauti hazipo, sasa anaumwa nini? Ni uvivu." Tena anakumbusha kwamba alama zake shuleni zilianza kuporomoka akiwa Senior 3, kabla ya sauti zozote, kwa hiyo uvivu ni wa zamani. Anataka kumpeleka kijijini akachunge ng'ombe.

Shangazi zangu wa upande wa Baba wao wanasema ni damu ya kwa kina Mama, kwa sababu mjomba wake Mama alikufa akizurura sokoni. Mama habishani nao. Wakianza hayo, huinuka akaenda jikoni.

Halafu binamu yetu anayesoma Kampala alikuja likizo akatumaliza kabisa. Alisema ugonjwa huu ni wa jeni, kwamba kwenye ubongo kuna vipokezi, na vya mdogo wangu viliumbwa vibaya tangu tumboni, basi hakuna kitakachobadilika. Akatuonyesha kwenye simu watu wanaopima jeni kwa mate. Bei yake inakaribia bei ya ng'ombe. Mama ameanza kuweka pesa.

Naomba uniambie: binamu yetu anasema kweli? Tulipie hicho kipimo? Mdogo wangu ni mvivu au ni mgonjwa? Na la mwisho naliuliza kwa aibu. Mwezi wa Disemba natolewa mahari. Watoto wangu watakuwaje?

Dada Mkubwa, Busia

*

Mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye noti. Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa miaka 23, na kama ungeniuliza ugonjwa huu unafananaje sauti zikishanyamaza, ningekupa picha hiyo hiyo: kijana ameishika noti, nusu ya hesabu ameipata sawasawa, nusu nyingine imemtoka akiwa njiani kwenda kwenye gunia la sukari.

Mdogo wako si mvivu. Mwambie Baba kwamba hayo yanasemwa na mtu aliyekaa na wagonjwa hawa usiku na mchana.

Angalia alichofanya. Kuzidisha elfu moja kwa 28 hakukumshinda. Kilichomshinda ni kuishikilia ile 28,000 kichwani huku miguu inakwenda, mkono unapima sukari, na sikio linakumbuka kwamba kuna sabuni pia. Kushika mambo mawili matatu kwa wakati mmoja huku ukiyafanyia kazi, huo ni uwezo wa pekee wa ubongo, na skizofrenia huugusa sana. Hugusa pia umakini na kasi ya kufikiri. Wodini tulikuwa na fundi cherehani, mtu hodari, akipima kiuno cha mtu kwa futi, akigeuka kuchukua penseli namba imeshapotea. Alikuwa akilia. Mvivu halii kwa kusahau namba.

Na hizo alama za Senior 3 ambazo Baba anazitumia kama ushahidi wa uvivu, mimi naziona kama ushahidi wa kinyume chake. Kwa wagonjwa wengi akili huanza kupungua kasi miaka kadhaa kabla ya sauti ya kwanza. Walimu huliona hilo, wazazi huliona, na karibu kila mara huitwa utundu, mapenzi au bangi. Mtoto wenu alianza kuumwa mapema kuliko mlivyojua, na huenda wakati huo alikuwa akichapwa kwa sababu ya alama. Silisemi hili ili kumuumiza Baba. Hakujua, na hakuna aliyemwambia.

Sasa tuje kwa binamu yenu. Amesoma kweli, lakini ameishia katikati ya ukurasa.

Wewe unaishi mpakani, kwa hiyo nitakueleza kwa mpaka. Seli za neva kwenye ubongo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna upenyo mdogo mno. Ujumbe huvuka upenyo huo ukiwa umebebwa na kemikali, na upande wa pili kuna milango ya kuipokea kemikali hiyo. Milango hiyo ndiyo vipokezi. Kila kemikali ina milango yake: dopamini ina yake, glutamati ina yake, asetilikolini ina yake. Jeni ni maelezo anayofuata fundi anapoujenga mlango. Maelezo hayo hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu. Kwa mmoja mlango hufunguka upesi, kwa mwingine hukaa wazi muda mrefu zaidi, kwa mwingine milango ni michache.

Dawa nyingi za skizofrenia, tangu ile ya kwanza iliyoanza kutumika Paris mwaka 1952, hufanya kazi kwa kuziba mlango mmoja wa dopamini unaoitwa D2. Ndiyo maana sauti zilinyamaza. Lakini kushika hesabu kichwani hutegemea zaidi milango mingine, hasa ya glutamati na asetilikolini katika sehemu ya mbele ya ubongo na ile ya kumbukumbu, na dawa hizi haziitibu. Kwa hiyo Baba anapouliza "sauti hazipo, sasa anaumwa nini?", jibu ni kwamba sauti na hesabu hazipiti mlango mmoja. Umepona mlango mmoja, mwingine bado.

Je, vipokezi hivyo viliumbwa vibaya? Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya kulinganisha jeni za wagonjwa zaidi ya 76,000 na za watu wasio na ugonjwa. Walikuta sehemu 287 kwenye jeni za binadamu zinazohusiana na skizofrenia. Iko sehemu yenye jeni ya kile kipokezi cha D2. Iko pia jeni iitwayo GRIN2A, inayotengeneza kipande cha kipokezi cha glutamati. Mwaka huo huo iligunduliwa kwamba watu wachache sana ambao jeni hiyo imeharibika waziwazi, hatari yao hupanda sana. Ila kwa wagonjwa walio wengi hakuna jeni moja iliyoharibika. Kuna tofauti ndogo ndogo nyingi, kila moja ikisukuma kidogo tu, na tofauti hizo anazo kila mtu: unazo wewe, ninazo mimi, anazo Baba, wanazo na hao shangazi zako. Zamani kidogo watafiti walitumaini kuipata jeni moja ya kipokezi itakayoeleza kumbukumbu ya wagonjwa hawa. Mengi waliyoyatangaza, wengine walipoyarudia kwa watu wengi zaidi hawakuyaona tena.

Na hata ukizijumlisha zote, haziamui peke yake. Chukua mapacha wa kufanana, Opio na Odongo, waliotoka kwenye yai moja na jeni zao ni zile zile. Opio akiugua skizofrenia, Odongo huugua karibu mara 40 hadi 50 katika kila 100. Zaidi ya nusu hawaugui. Ingekuwa ni kuumbwa tu, wangeugua wote.

Ndiyo maana maneno ya "damu ya kwa kina Mama" yananiudhi. Mtoto huchukua nusu ya jeni zake kwa baba na nusu kwa mama, na hakuna kipimo kinachoweza kuwaonyesha shangazi zako nusu ipi ilileta nini. Siku nyingine wakianza hayo, usimwache Mama ainuke peke yake. Inuka naye, au afadhali kaa uwajibu.

Kipimo cha mate: msilipie. Nasema hivyo bila kusitasita. Hakuna kipimo cha jeni ambacho daktari anaweza kukitumia leo kusema huyu ataugua, huyu atapona, huyu kumbukumbu yake itarudi. Hesabu zilizopo za kukisia ugonjwa kwa jeni zimetokana kwa sehemu kubwa na watu wa asili ya Ulaya, na kwa Waafrika hukisia vibaya zaidi, kwa sababu sisi Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za jeni kuliko watu wa bara lolote. Jambo moja tu ndilo ningemuuliza daktari: je, mdogo wako alizaliwa na tatizo la moyo au la kaakaa? Upo upungufu mmoja wa kromosomu ya 22 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) unaoweza kuleta hayo pamoja na skizofrenia, na huo una kipimo chake hospitalini. Kama hakuzaliwa na hayo, fedha ya Mama ibaki kwa Mama.

Pengine mtu atawaambia, "Lakini hata hospitali kubwa wanachukua mate ya wagonjwa." Ni kweli, kwa utafiti. Upo mradi uitwao NeuroGAP-Psychosis ambao umekusanya mate ya maelfu ya watu Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Hapa kwetu umefanywa na Chuo Kikuu cha Makerere, na Butabika ni mojawapo ya hospitali zilizoshiriki. Kazi yake ni kuwafanya Waafrika nao wahesabiwe katika elimu hii, na mimi naithamini sana. Lakini mgonjwa halipi kitu na harudishiwi majibu ya kumtibu. Ukiona mtu anataka bei ya ng'ombe, huyo anafanya biashara.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kitu mnachoweza kubadilisha mwezi huu.

Uliandika neno Artane, ukalipita haraka kwenda kwa Baba. Mimi sikulipita. Artane hutolewa kwa sababu dawa ya kuziba D2 ikizidi hukaza misuli, hutetemesha mikono, hutoa mate. Artane hulegeza hayo, na kwa mgonjwa aliyekazana shingo ni msaada mkubwa. Nimeuona kwa macho yangu mara nyingi. Lakini hulegeza kwa kuziba milango ya asetilikolini, na mmojawapo wa milango hiyo ndio ubongo unaoutumia kuweka kumbukumbu. Kwa maneno mengine, mdogo wako ana ugonjwa unaopunguza kumbukumbu, na mara tatu kwa siku anameza kidonge ambacho nacho hupunguza kumbukumbu. Je, mdomo wake hukauka? Hupata choo kwa shida? Hulalamika kwamba maandishi ya karibu yana ukungu? Kama ndiyo, kidonge hicho kinafanya kazi mwilini mwake kwa nguvu.

Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za aina hii zisitolewe kwa kila mgonjwa kama desturi, bali kwa muda mfupi, pale mkazo ni mkubwa na kupunguza au kubadilisha dawa kuu hakujasaidia. Kwenye kliniki zetu zenye foleni ndefu, naijua hali ilivyo: kidonge kinaandikwa mwezi wa kwanza, kisha kinanakiliwa kwenye kitabu mwezi baada ya mwezi, na hakuna anayeuliza tena. Mimi mwenyewe nimekinakili hivyo, nikiwa na wagonjwa 60 mlangoni.

Msikiache wenyewe. Nasisitiza. Kikiachwa ghafla, mkazo hurudi na mgonjwa huweza kuhangaika usiku kucha, halafu ataikataa na sindano, na sindano ndiyo inayozuia sauti. Siku ya sindano nenda naye wewe, beba dawa zote kwenye mfuko mmoja, mwombe daktari au tabibu wa zamu amkague mikono na shingo, kisha uulize: bado anahitaji Artane mara tatu? Inaweza kupunguzwa kidogo kidogo? Na kipimo cha sindano, je, hakijazidi? Mweleze na ile habari ya noti, kama ulivyonieleza mimi. Madaktari huuliza, "Bado anasikia sauti?" Ukijibu hapana, wanafurahi na kufunga kitabu. Usikubali kifungwe. Mwombe pia aangalie kama kuna kingine kinachochosha akili yake, kama upungufu wa damu, virusi vya Ukimwi au huzuni nzito.

Utasikia pia habari za dawa mpya. Ipo moja iliyokubaliwa Marekani Septemba 2024, inayogusa vipokezi vya asetilikolini badala ya kuziba D2. Ni hatua kubwa, lakini bado haijathibitishwa kwamba inarudisha kumbukumbu, kwa hiyo asije mtu akawauzia shamba kwa ajili yake.

Dukani, msimwondoe. Kijijini kwa ng'ombe atakuwa mbali na sindano, na ubongo wake utakosa mazoezi ya ile kazi anayoipenda. Mazoezi ya akili husaidia wagonjwa hawa zaidi yanapoambatana na kazi halisi, na yeye kazi anayo tayari. Ila ipangeni upya. Weka kalkuleta ya vitufe vikubwa juu ya meza, yake peke yake. Weka ubao wa kiwango cha siku pale anapouona akiwa amesimama na mteja. Mteja akitaja vitu, aviandike kabla hajainuka, kisha avilete, kisha apige hesabu, na noti ibaki mezani mpaka mwisho. Utaratibu uwe huo huo kila siku. Mumpe neno moja kwa wakati mmoja. "Leta sukari, halafu umwangalie yule, na usisahau kufunga stoo" ni mzigo wa watu watatu. Jioni atembee au acheze mpira na vijana wanaomheshimu, kwa sababu mwili ukifanya mazoezi akili nayo hupata nafuu kidogo, hilo limepimwa. Bangi na mairungi akae navyo mbali kabisa.

Sikuahidi kwamba atarudi kuwa yule wa kabla noti haijakunjuliwa. Wengine hurudi karibu kabisa, wengine hurudi nusu, na wengi hufanya kazi na kujitegemea kwa msaada mdogo wa namna hii. Ukiniuliza mimi, kijana aliyeweza kusema "ishirini na nane elfu" papo hapo bado ana mengi.

Na swali lako la aibu, ambalo mimi silioni aibu. Kwa mtu yeyote, uwezekano wa kupata skizofrenia maishani ni karibu 1 katika 100. Kwa mtoto ambaye mjomba wake anaumwa, ni kama 3 au 4 katika 100. Yaani zaidi ya 95 hawatapata. Mwambie mchumba wako mapema, wewe mwenyewe, kabla shangazi zako hawajamwambia kwa namna yao, na mpe hizo namba. Akishazisikia, mwalike dukani siku ya sokoni akae na mdogo wako saa moja.

Niandikie ukitoka kliniki, uniambie walichosema kuhusu Artane. Na ule ubao wa kiwango cha siku, usiuandike wewe. Mpe yeye chaki kila asubuhi.

Shangazi